Mkate wa Mandari Uliopaliwa Mara Mbili

Haya, sogeeni, na anayetafuna atafune kimya. Nikisema palikuwa, nyinyi semeni na tuwemo. Palikuwa?

Na tuwemo.

Palikuwa na mji, wajukuu zangu, zamani ambazo hata bibi yangu alihadithiwa tu. Mji mmoja, mitaa miwili: Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini. Kisima cha maji matamu kilikuwa Chini. Wakagombana, sababu yenyewe hakuna aijuaye tena, na wa Chini wakakifunga kisima kwa gogo. Wa Juu wakanywa maji ya chumvi mwaka mzima, na watoto wao wakakonda.

Wazee wakachoka. Wakasema: kaskazi hii, siku ya mandari, mji mzima utakapotoka kwenda kula na kucheza kondeni, mitaa yote miwili ipike mkate mmoja. Ukiliwa wote, gogo litaondoka. Ukibaki hata kipande, gogo litakaa palepale.

Mbona mnanitazama hivyo? Ndiyo, mkate. Watu wa zamani hawakuandikiana, walilishana.

Chini wakamtoa Bi Somoe, mtu mzima, mpishi wa harusi zote. Juu wakamtoa Mize, mwanamke kijana mwenye watoto wawili waliokonda kuliko wote. Wakaroweka mchele, wakausaga. Wakatia tui zito, wakatia iliki, wakatia tembo la mnazi ili uumuke. Ukaumuka vizuri. Wakaumimina katika chungu kipana, wakafunika kwa kibia cha udongo.

Sasa nyinyi mliozoea jiko la umeme, sikilizeni. Mkate huo hupikwa kwa moto wa pande mbili, makaa chini ya chungu na makaa juu ya kibia. Haya, nani apalie wapi?

"Moto wa chini ni wangu," akasema Bi Somoe. "Wa juu nakuachia wewe, mwanangu."

"Nimekubali, Bi Somoe," akasema Mize.

Wakakubaliana. Kwa midomo, lakini wakakubaliana.

Ngoma ya mandari ikalia pale kondeni, Bi Somoe akaenda kutazama. Mize akainama, akachungulia makaa ya chini. Akajisemea, "Watu wa Chini hawa, hata moto wanatufanyia choyo." Akachota makaa, akaongeza chini, akaenda kunawa. Bi Somoe akarudi, akatazama juu ya kibia. Akajisemea, "Watu wa Juu wavivu, makaa gani haya ya kuota paka?" Akachota makaa, akaongeza juu, akarudi ngomani. Mize akaja tena, akaongeza chini. Bi Somoe akaja tena, akaongeza juu. Na mkate uko katikati, maskini, nani wa kuuonea huruma?

Harufu ikawafikia watu kabla ya mkate. Wakafunua kibia, juu mweusi. Wakaupindua, chini mweusi zaidi.

"Chini ni moto wa Somoe," wakasema watu wa Juu. "Ameunguza kusudi, kisima kisifunguliwe."

"Na juu ni moto wa nani?" wakauliza wa Chini.

Fimbo zikaanza kuokotwa. Bi Somoe ameinamisha uso, maana tangu azaliwe hajaaibishwa kwa chakula. Mume wa Mize, Makame, akamnong'oneza mkewe, "Nyamaza. Upande wao ndio ulioungua zaidi. Tumewashinda."

"Tumeshinda nini?" akauliza Mize. "Maji?"

Akaingia kati ya zile fimbo. "Chini nimeunguza mimi," akasema, na aliona haya, msidhani hakuona. "Niliongeza makaa mara mbili Bi Somoe akiwa ngomani. Sikumwamini."

Bi Somoe akashusha pumzi.

"Na juu nimeunguza mimi, mwanangu. Mara mbili vilevile."

Mzee mmoja wa Chini akakohoa. "Ni vyema mmesema. Lakini sharti ni mkate uliwe wote. Haya makaa atayala nani?"

Mize akausogelea mkate. Akashika kisu, akaukata ule upande mweusi wa chini, akaketi mchangani, akaanza kutafuna. Bi Somoe akaukata wa juu, akaketi kando yake. Wakala mbele ya mji mzima, machozi yanawatoka, mpaka weusi ukaisha. Wa katikati ulikuwa mweupe, laini, unanukia iliki. Ukagawanywa, kila mtu kipande cha ukubwa wa ukucha. Hakuna aliyekataa. Ungekataaje, nawe watazamwa na wanawake wawili wenye meno meusi?

Gogo likatoka alasiri ileile. Mize akachota kata ya kwanza, na kabla ya watoto wake akampa Bi Somoe asukutue.

Basi wajukuu zangu, ukiunguza, sema umeunguza, mbele ya hao uliowaunguzia. Inakwaruza koo, lakini inamezeka. Kisa nimekitua hapa, anayekitaka akibebe.