Fundi Aliyedai Kila Uzi wa Mwanga

Sogeeni mbele, wapendwa, walio nyuma wasije wakasikia nusu. Leo nina fundi wa kuwapa.

Alikuwepo fundi mmoja wa vifaa vya hospitali, mtu mpole, mikono yake myepesi. Siku zote aliwaona madaktari wakihangaika kutazama ndani ya mgonjwa, kwenye vile vijia vya mwili ambavyo mpira wao mnene wa kuchungulia haupiti. Basi akakaa na nyuzi za kioo, zile nyembamba kama unywele, ambazo mwanga hupita ndani yake kama maji kwenye bomba. Akazifunga pamoja ndani ya mrija mwembamba, nyingine zipeleke mwanga ndani, nyingine zirudishe picha nje. Ncha ikamsumbua, ikamsumbua, mpaka akagundua: kikioo cha mbele kikatwe kwa mshazari, kitazame ubavuni. Hapo mrija ukapita kwenye koo la mtoto mchanga bila kumkwaruza, na daktari akaona alichokuwa akikitafuta. Mnadhani fundi alishangilia? Alikaa kitako akalia.

Lakini kifaa kilikuwa kimoja tu. Wenye kiwanda wakamwambia, "Tutatengeneza vingi, ila kwanza ulete hataza, ile hati ya serikali inayosema hiki ni chako. Bila hiyo hatugusi." Na hataza haitolewi kwa kuonyesha kifaa tu. Lazima uandike madai yako, maneno ya kusema changu kinaanzia hapa, kinaishia pale, ili wengine wayasome wajue wapi wasikanyage.

Fundi alipokaa kuandika, hofu ikamwingia. Akawaza: nikitaja unene wa uzi, kuna mtu atatengeneza mnene kidogo kuliko huo. Nikitaja mshazari, atakata mshazari mwingine. Afadhali niseme kwa upana, nishike vyote. Akaandika, akajisomea, akatabasamu, akapeleka kwenye ofisi ya hataza.

Mkaguzi wa ofisi ile alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Baba, umeandika nyuzi nyembamba. Nyembamba kuliko nini?"

"Mama, si unaziona hapo mezani?"

"Mimi naziona. Atakayesoma karatasi hii akiwa Mwanza hazioni. Na hapa umesema zinapinda vya kutosha. Vya kutosha kwa nani? Na ncha imeunganishwa kwa namna inayofaa. Namna gani hiyo?"

"Namna inayofaa, mama. Kila fundi anaijua."

"Kama kila fundi anaijua, wewe umekuja kudai nini?"

Fundi akasema taratibu, "Nikitaja kila kitu wataniibia."

"Haya, nisikilize nikusomee maneno yako kama yalivyo." Akasoma: "Kifaa chenye nyuzi nyembamba zinazopinda vya kutosha, zinazopeleka mwanga mpaka kwenye ncha, iliyounganishwa kwa namna inayofaa, ili kuonyesha kilichomo gizani." Akaiweka karatasi chini. "Kitu hicho ninacho nyumbani, baba. Kiko juu ya televisheni. Ni ile taa ya mapambo ya betri, yenye nyuzi kama nywele, ncha zinametameta. Nilinunua kwa machinga. Umeme ukikatika hunionyesha viatu vyangu vilipo."

Fundi akaivuta karatasi, akaitafuta kazi yake mstari kwa mstari. Koo la yule mtoto halimo. Kikioo cha mshazari hakimo. Alikuwa ameificha kazi yake ili wezi wasiione, akaificha vizuri hata mwenyewe hakuipata.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Taja."

"Nikitaja, kitakuwa kidogo."

"Kitakuwa kidogo. Lakini kitakuwa chako."

Akachukua kalamu. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu anayevua shati mbele ya daktari. Akaandika unene. Akaandika mshazari.

Mmecheka taa. Sawa, chekeni. Sasa nawauliza: sala zetu za toba zikisomwa kwa sauti, zinamtaja nani? "Bwana, nisamehe yote niliyokosa, kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo." Maneno mazuri. Ila wewe waweza kuchukua sala yangu ukaondoka nayo, nami nikachukua yako, na hakuna atakayejua tumebadilishana. Yuko wapi humo wifi yako, uliyemsema bombani mpaka akaacha kuja kwaya? Yuko wapi shemeji yako, uliyemzibia njia ya kupitishia ng'ombe wake? Tunasema kwa upana kwa sababu tunaogopa. Tunadhani ukikiri vyote, na hicho kimoja kimo.

Na sisi watu wa mlimani hatuna kisingizio, maana tunalo isale. Mtu akikosa, huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa aliyemkosea kuomba msamaha. Mmewahi kumwona mtu amefika nalo mlangoni, akaulizwa "Umekosa nini?" akajibu "Mambo ya jumla tu"? Angerudishwa na jani lake likiwa bado bichi. Jirani tunamtajia. Mungu ndiye tunayempelekea mambo ya jumla?

Basi leo sitaomba kwa niaba yenu. Nitakaa. Kila mmoja afumbe macho, amtaje mtu mmoja kwa jina, na alichomfanyia, kama kilivyokuwa. Kitaonekana kidogo, na kitauma. Ukimaliza usinisubiri mimi. Na kama uliyemtaja yuko humu humu ndani, inuka ukakae kwenye benchi lake.