Nyani na Darasa la Kudaka

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma mbona wamenuna? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Fumbueni macho, kunjueni mikono, maana hadithi hii narusha, nanyi mdake.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mpapai mmoja na sheria moja. Siku ya kuangua, Tumbili alipanda, kwa kuwa ni mwepesi, akarusha mapapai chini. Aliyedaka, alikula. Lililoanguka likapasuka, la siafu.

Na nani alikuwa akidaka? Nyani. Mwaka nenda, mwaka rudi, ni Nyani tu. Watoto walimeza mate, Nyani alimeza mapapai.

Nyani alikuwa na binti, jina lake Tunu. Siku moja alitaka kumfundisha. Akamvurumishia papai bichi, puu, likampiga puani! "Daka, zuzu we!" Tangu siku hiyo Tunu akiona kitu kinamjia, hufumba macho.

Bi Kobe akawaonea watoto huruma. Yeye mwenyewe hajapata kudaka hata jani. Lakini alifunga mpira mkubwa wa majani makavu ya mgomba, akawaketisha watoto chini, miguu wameitanua, akawabingirishia polepole huku akiimba:

Macho yaone,
mikono ipokee,
kifua kikumbatie.

Walipozoea kubingirishiwa, wakasimama, akawarushia kwa karibu. Walipozoea karibu, wakarudi hatua moja nyuma. Tunu naye alikuja, akajibanza nyuma ya Digidigi mdogo. Siku ya nne akafumbua jicho moja.

Nyani akasikia vicheko. Akachungulia. Roho ikamuuma!

"Kobe! Kobe huyu wa vijiguu vifupi ndiye aitwe mwalimu, na mimi nipo?"

Siku hiyo chakula hakikupita kooni. Wivu ulikuwa umekaa njiani.

Kesho yake akauiba mpira, akauloweka mtoni, ukawa mzito. Bi Kobe akauinua, akacheka. "Leo tumepata mpira wa wakubwa. Kaeni chini, tunabingirisha." Watoto wakapata nguvu za mikono. Nyani akauma vidole.

Kesho kutwa akaupaka ute wa bamia, ukateleza. Bi Kobe akasema, "Viganja havitoshi leo. Kumbatieni kifuani." Watoto wakajua kukumbatia. Nyani akajing'oa nywele.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya kuangua. Tumbili anataka kupanda, Nyani akamvuta mkia.

"Shuka! Mwaka huu napanda mwenyewe."

"Kaka Nyani, mpapai si mti wa mtu mzito."

"Nimekuuliza?"

Akapanda. Akavurumisha la kwanza kwa hasira. Watoto wakaimba, Macho yaone! Digidigi akadaka. Akavurumisha la pili. Mikono ipokee! Nungunungu akadaka, miiba yake ikamchoma mwenyewe, lakini hakuliachia. Nyani akachuma la tatu, kubwa kuliko yote, akalirusha kwa nguvu zote bila kumtazama aliye chini.

Kifua kikumbatie! Aliyesimama pale alikuwa Tunu, macho yote mawili wazi. Akadaka!

Na unadhani alimkimbilia nani? "Mwalimu, mwalimu, nimedaka!"

Lo! Wivu ukampanda Nyani hadi utosini. Mtoto wake wa kumzaa anamkimbilia Kobe! Akaukanyaga mpapai, akaukanyaga tena, akaukanyaga mara ya tatu. Kach! Mpapai ukakatika.

Watoto wakamkimbilia mikono wazi, lakini Nyani si papai. Akaangukia matako, puu! Manyoya ya hapo yakang'oka yote. Hadi leo hayajaota, na ndiyo maana wahenga wakasema nyani haoni kundule. Akiliona, si atakufa kwa aibu?

Akaketi pale vumbini, miguu ameitanua. Hakuna aliyecheka. Tunu akalipasua papai lake, akachukua nusu. Hakumrushia baba yake. Alimbingirishia, polepole, kama anayeanza.

"Macho, baba," akasema. "Kwanza macho."

Nyani akaipokea, akaikumbatia kifuani, akalia kama mtoto. Huyo Kobe aliyemwonea wivu ndiye aliyempa mwanawe macho.

Wanangu, asiyependa wenzake wafundishwe hukata mti unaomlisha. Na anayemwonea wivu mwalimu wa mwanawe, anajionea wivu mwenyewe.

Hadithi yangu nimeirusha, mikono yangu mitupu. Aliyedaka akamrushie mwenzake, aliyesinzia, lake ni la siafu!