Njuga za Koplo Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Asiyeniamini anyooshe mkono sasa hivi, nimwone. Hakuna? Basi tulieni. Hata mwalimu aliyenifukuza darasani hana hadithi kama hii.

Hapo zamani za kale Simba alitawala mbuga, na askari wake walikuwa fisi. Walikuja kimyakimya, nyata, nyata, nyata. Wakakamata. Wakabeba. Aliyebebwa hakurudi. Basi kila mama alimfundisha mwanawe: ukisikia nyasi zinatikisika, nyamaza.

Simba akapinduliwa. Tembo akashika nchi, akasema, "Askari tutabaki nao, ila kila mmoja atavaa njuga mguuni. Tuwasikie wakija."

"Sasa mzee, kwa kelele hizi nitamkamata nani?" akalalamika Koplo Fisi. Chwa! Chwa! Chwa! Watoto wakamfuata nyuma wakimwigiza, chwa! chwa! Hakuna aliyejificha tena. Koplo akaona aibu, we!

Siku moja wingu zito likatanda. Mama Kanga akaja mbio. "Afande! Mwanangu Kidoa kapotea! Kama kaingia shimoni, mvua hii itamzamisha!"

"Umefika, mama. Pua hii haijawahi kukosa nyama."

"Ndicho kinachonitisha hicho, afande."

Koplo akavua njuga ili aende upesi. Nyata, nyata, nyata. Mvua ikashuka, ikafuta harufu. Akachungulia shimo hili, kimya. Akachungulia lile, kimya. Akarudi mikono mitupu.

Mama Kanga akamtazama miguu. "Njuga ziko wapi?"

"Nimezivua. Zinanichelewesha."

"Uuuwi! Mtoto ananyamaza kama nilivyomfundisha! Vaa, baba, vaa!"

Akavaa. Chwa! Chwa! Chwa! Mara, kutoka shimo lilelile alilolichungulia, "Ti! Ti! Ti!" Maji yalikuwa shingoni. Koplo akafukua, fu! fu! fu! Akamtoa Kidoa, mzima.

Tangu siku hiyo Koplo halalamiki. Akipita anakanyaga kwa nguvu, maringo hayo!

Funzo ni hili: kubadilisha mfalme peke yake hakutoshi. Askari asikike akija, ndipo raia atamwita bila woga.

Hadithi yangu imeishia hapo.

Mbona mnanitazama hivyo? Haya, kuna kipande nilikiruka. Njiani, kabla ya kumfikisha mtoto, Koplo alisimama. Njuga zikanyamaza. Akamlamba Kidoa. Mara moja tu, jamani!

Kwa mbali Mama Kanga akapaza sauti, "Afande! Mbona sikusikii?"

Chwachwachwachwa! Akaja mbio.