Kishona Nguo na Shuka la Mwene

Ya kale yaje!

Nimesema, ya kale yaje! Itikieni: "Yaje, tuyaone!" Kwa nguvu, wajukuu zangu. Asubuhi nguvu za kung'oa mnavu wangu na majani yote ya ukingoni mlikuwa nazo, sasa sauti zimekwenda wapi? Leo sicheki nanyi. Nina hasira mpaka meno yananiuma, na meno yenyewe ni haya machache. Ketini mnisikilize.

Zamani hizo, mlima ukiwa bado mchanga na mawe yakiota kama uyoga, huku juu kwetu joto lilikuwa la kupita tu. Mvua inanyesha, jua linachungulia, mara jalidi hii hapa, ile baridi nyeupe inayounguza majani. Ulezi haujakomaa, njegere hazijajaza. Lakini watu walikula. Walikula nini? Walikula mnavu, walikula mchunga, walikula lile jani lenye mbegu za kunasa. Hakuna aliyeyapanda. Mvua ya kwanza tu, yameota. Watu waliyaachia kingo za mashamba, na mabua yake makavu wakayaacha yasimame yadondoshe mbegu.

Mtawala wa nchi aliitwa Mwene Lyoto. Huyo alishuka ubondeni kumtembelea mtawala mwenzake, akarudi na shuka la pamba, jekundu, refu la kuburura. Nchi nzima walivaa ngozi, yeye peke yake akavaa nguo. Basi, hapo hakusemezeka tena! Haukupita muda akaja mgeni kutoka huko huko ubondeni, akatazama mashamba yetu, akacheka.

"Haya ni mashamba, Mwene, au ni kichwa cha mwendawazimu?"

Mwene akaona haya. Na mtu akiona haya mbele ya mgeni, watoto, hasira zake huwaangukia wa nyumbani.

"Kisichopandwa king'olewe!" akaamuru. "Gugu ni mwizi!"

Wakang'oa. Wakang'oa kingo, wakang'oa mitaro, wakang'oa hata nyuma ya nyumba, wakachoma moto. Mwene mwenyewe akapita shamba kwa shamba akikagua, shuka lake likiburura kwenye mabua makavu.

Sasa, palikuwa na mjane, Sekela, na binti yake mmoja tu, Tumpe, aliyeachishwa ziwa juzijuzi. Sekela akapiga goti ukingoni mwa shamba lake.

"Baba Mwene, ubondeni joto halina haraka. Kwetu ulezi ni wa kubahatisha. Niachie ukingo huu mmoja, mwanangu apate mchuzi wa majani."

"Nimekuuliza habari za mchuzi?"

"Hukuniuliza, baba. Ndiyo maana nakwambia."

"Ng'oeni!"

Vijana wa Mwene wakang'oa, mama wa watu akitazama. Kila nikifika hapa nachukia! Vijana wale walikuzwa na majani ya kingo hizo hizo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Msinitolee macho, nanyi ni wale wale.

Ulezi ulipokuwa unaanza kuchanua, jalidi ikarudi bila hodi. Kulipokucha mashamba yalikuwa meusi. Mvua bado ilikuwepo, joto la kuotesha jani bado lilikuwepo. Mbegu ndiyo haikuwepo, maana kingoni palibaki majivu matupu. Tumpe akavimba miguu. Kisha akaacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, hapo ndipo pa kuogopa.

Mwene akaita watu barazani. Akavaa shuka lake, ambalo halikuwahi kufuliwa, lisije likapauka.

"Mizimu imetukasirikia," akasema.

"Mizimu!" Sekela akainuka, Tumpe mgongoni. "Mizimu ndiyo iliyoshika majembe?"

Akasogea mpaka mbele, na macho yake yakaangukia pindo la lile shuka. Lilikuwa jeusi kwa mbegu, zile za kunasa, zimeng'ang'ania tangu siku ya kukagua. Ngozi haishiki mbegu, watoto. Nguo hushika, na nguo ilikuwa moja tu nchi nzima. Sekela akalidaka pindo.

"Niachie nguo yangu, mwanamke!"

"Nguo yako, mbegu zangu!"

Walinzi wakaja juu. Kina mama nao wakaja juu, wakasimama katikati, na walinzi wakajikuta wanatazamana na mama zao. Sekela akachomoa mbegu moja moja mpaka pindo likabaki nyuzinyuzi. Akaenda akazipanda kwenye majivu. Mvua ikazipokea. Jani lilipotoka, Tumpe akanywa mchuzi, akanywa tena, akalia. Akalia kwa sauti kubwa, na mama yake akakaa chini akalia naye.

Mwene naye akaja, na bakuli mkononi.

"Nipe majani, Sekela."

"Majani gani, baba?"

"Hayo… magugu."

"Gugu si ni mwizi? Mwizi hapikwi. Taja jina lake."

Mwene alikuwa amelimaliza nchi nzima, na jina lake halijui! Akatazama pindo lake lililochakaa.

"Hili… lililoshona nguo yangu."

"Haya. Kishona nguo. Lete bakuli."

Tangu siku hiyo, huku kwetu, kabla hujang'oa jani unalitaja. Usilolijua jina, usiliguse. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na huyo Tumpe ndiye aliyemzaa bibi ya bibi yangu. Asingelia siku ile, nani leo angekuwa ameketi hapa?

Mlitaja nini nyinyi asubuhi? Hamkutaja kitu.

Ya kale yameondoka, yaliyobaki yamewaganda migongoni. Simameni. Geukeni. Mnaona mbegu zilivyojaa kwenye mashati yenu? Chomoeni, moja moja, mkanirudishie shambani. Na kila mbegu muitaje jina, kwa sauti, nisikie kutoka hapa.