Uzito wa Gari Linalovuta

Mtu mmoja alikuwa na gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Jina lake Lutengano. Gari hilo aliliegesha chini ya mlima mrefu ambao madereva waliuita Shusha Pumzi, kwa sababu kila aliyefika juu salama aliiachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu kona ya kwanza. Lori likizimika mlimani, alipigiwa simu yeye. Aliitwa akiwa mezani akaenda, aliitwa akiwa kanisani akaenda, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba leo hawezi.

"Baba Subilaga," mkewe Atupele alimwambia siku moja, akifunika chakula kilichokwisha kupoa, "iko siku mlima wenyewe utaharibika, na watakupigia wewe uende ukauvute."

"Wakinipigia nitaenda," akajibu, na wote wawili wakacheka. Atupele aliacha kucheka kabla yake.

Gari lile lilikuwa na giaboksi ya zamani, ya gia za mkono, na ilikuwa ikilia. Watu wa chini ya mlima walijua kwa mlio wake kama Lutengano amefunga basi tupu au lori lenye shehena. Lakini kilichomsumbua hakikuwa mlio. Kilikuwa kitu kidogo ambacho abiria hana haja ya kukijua. Dereva anapokanyaga klachi ili atoke gia moja aingie nyingine, kuna kitambo kifupi ambacho gari halivutwi na chochote. Injini iko peke yake na magurudumu yako peke yake. Kwenye tambarare kitambo hicho si kitu. Mlimani, ukiwa na lori nyuma yako, hapo ndipo mzigo unapoanza kukuvuta wewe. Lutengano alikijua kitambo hicho kwa mgongo wake. Kila alipobadili gia alihisi lile lori likimkumbuka. Miaka ilivyokwenda alianza kukiota usingizini, na katika ndoto kilikuwa kirefu zaidi.

Kwa hiyo meno ya gia yalipoisha kabisa, aliamua kufunga giaboksi ya otomatiki, ile inayobadili gia yenyewe bila kuuachia mzigo hata kidogo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba aliponzwa na mtambo mgeni. Mtambo haukuwa na kosa.

Alikwenda mjini kwa mwanamke aitwaye Sarafina, aliyeuza giaboksi za malori na aliyeisomea kazi hiyo. Sarafina hakumwonyesha bidhaa kwanza. Alimuuliza mlima umesimama kiasi gani, na kama hupanda moja kwa moja au hupumzika njiani, na ni magari gani anayoyavuta. Lutengano hakuficha kitu. Alitaja malori ya saruji, matangi ya mafuta, mabasi ya abiria. Alitaja hata lori la magogo, ambalo lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuyapandisha. Sarafina alijumlisha kichwani, kisha akamtazama.

"Na lako?"

"Langu lipi?"

"Gari lako, baba. Lina uzito gani?"

Lutengano akacheka. "Langu halivutwi, dada. Langu ndilo linalovuta."

Mafundi waliokuwa dukani wakacheka pamoja naye, na mmoja akampigia makofi. Sarafina hakucheka. "Giaboksi haijui hilo," alisema.

Na alikuwa akisema jambo la kweli kabisa. Gari la kuvuta ni zito kuliko linavyoonekana. Lina mlingoti wa chuma nyuma, lina winchi ya kukunjia kamba ya chuma, lina minyororo, na mbele limeongezewa vyuma kwa makusudi, kwa sababu gari jepesi likijaribu kunyanyua jingine huinuka lenyewe pua juu. Asiyekuwa na uzito hawezi kumwinua mwenzake. Lakini uzito huo nao lazima upande mlima, na kabla giaboksi haijavuta kilo moja ya lori la mtu mwingine, imeshalibeba gari lenyewe lote.

Zilikuwapo giaboksi mbili. Kubwa ingeyatosha magari yote mawili, linalovuta na linalovutwa. Ila ili iingie, ilibidi chesisi ikatwe na kuungwa upya, propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni, ifupishwe, na gari lisimame gereji kwa majuma. Ndogo ilitosha kwa mizigo aliyoitaja, kama gari lake lingekuwa halina uzito. Ingeingia bila kukata chochote, na siku mbili tatu tu angekuwa amerudi mlimani.

Lutengano alisimama kati ya hizo mbili kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Alijua kubwa ndiyo yenyewe. Lakini aliwaza gari lake limekaa juu ya magogo bila magurudumu, na simu inaita, na yeye anajibu kwamba hawezi. Akachukua ndogo.

"Basi iwekee rejeta yake ya kupoza mafuta," Sarafina alimwambia, "na hii taa ya joto uifunge mahali utakapoiona. Ikiwaka, simama. Usiseme nimalizie kona hii. Simama." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa kuongeza: "Ile ya zamani ilikuwa inalia. Hii hailii. Inakubali tu, mpaka inaungua."

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kile kitambo kilitoweka. Gia ziliingia zenyewe, laini, na lori la nyuma halikupata tena nafasi ya kumkumbuka. Watu wa chini ya mlima hawakusikia tena mlio, wakasema Lutengano sasa anapanda kama hajafunga kitu. Na kwa kuwa haikuonekana kama anabeba, walimwongezea. Malori yaliyokuwa yakisubiri gari kubwa la kuvuta la mkoa jirani sasa yalimsubiri yeye.

Taa iliwaka kwa mara ya kwanza katikati ya mlima. Alisimama kama alivyoambiwa, mafuta yakapoa, akaendelea. Mara nyingine iliwaka karibu na kilele, na kwa kuwa kilele alikiona, akamalizia. Hakuna kilichotokea. Tangu siku ile taa ilianza kuwaka mapema zaidi na yeye akaanza kumalizia mbali zaidi. Lakini ilimtia wasiwasi. Basi akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akakitandika juu ya dashibodi, na ncha yake moja ikaning'inia juu ya taa.

Siku moja Atupele alipanda naye kwenda sokoni. Alikiinua kitambaa ili akikunje, akaiona taa imewaka nyekundu.

"Hii ni nini?"

"Ni taa tu, Mama Subilaga."

"Taa tu ndiyo ya kufunikwa?"

Atupele alikikunja kitambaa, akakiweka mapajani, na safari nzima hakuondoa macho kwenye taa ile. Walipofika sokoni ilikuwa bado inawaka. Mkewe aliposhuka, Lutengano alikirudisha kitambaa mahali pake.

Ikaja mvua ya Machi. Alasiri moja, ukungu ukiwa umeshuka mpaka barabarani, lori la mbolea lilizimika kwenye kona ya pili. Dereva wake alikuwa Ambakisye, mdogo wake Atupele, kijana mwenye utani mwingi. Lutengano alikuwa ametoka kupandisha tangi saa hiyohiyo na mafuta ya giaboksi hayajapoa. Lakini huyu alikuwa shemeji, na mvua ilikuwa inanyesha. Aliligeuza gari. Walilifunga lori kwa chuma cha kuvutia, na Ambakisye akabaki nyuma kwenye usukani wa lori lake ili alielekeze.

Kwenye kona ya nne Ambakisye alimpigia simu. "Shemeji, huko mbele mmeinjika maharage? Yanaungua."

"Ni mbolea yako inanuka," Lutengano akajibu.

"Mbolea yangu naijua, shemeji. Simama tuangalie."

"Tumeshafika. Kona moja tu."

Kitambaa kilikuwa mahali pake. Hakukiinua. Chini yake mwanga mwekundu ulikuwa ukipenya nyuzi za kitambaa, na aliuona, na alikaza macho kwenye ukungu.

Kwenye kona ya mwisho injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, na gari halikusogea. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma zaidi, gari likasimama pale pale, kisha likaanza kurudi. Injini ilikuwa peke yake na magurudumu yalikuwa peke yake. Kile kitambo alichokikimbia kilikuwa kimerudi, na safari hii hakikuwa na gia nyingine mbele yake ya kukimaliza.

Alikanyaga breki. Breki zilikuwa nzima, lakini barabara ilikuwa imelowa, na mzigo nyuma ulikuwa umeshaanza kushuka. Lori la mbolea lilijikunja, likalalia ukuta wa mlima upande wa ndani, na kwa sababu lililala upande ule na si ule mwingine wenye korongo, watu wawili walibaki hai. Ambakisye alitolewa kwa kukatwa mlango, paja limevunjika, hana tena utani. Alipopakiwa kwenye gari la msamaria ili apelekwe hospitali, alimwangalia shemeji yake na kumwambia neno moja tu: "Nilikuambia."

Lutengano alibaki barabarani mvuani. Madereva waliopita walikata matawi, wakayapanga juu ya lami kwa umbali kuwaonya wanaokuja. Kwa miaka mingi alikuwa amepita juu ya matawi ya namna ile akienda kwa watu wengine. Hakuwahi kukatiwa yake. Wengi waliopita walimjua, walipunguza mwendo, walishusha vioo. Alikuwa amewavuta karibu wote. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumvuta, maana magari yao hayakuumbwa kwa kazi hiyo, na kosa halikuwa lao.

Ilimbidi ampigie mtu wa ng'ambo ya mlima, Sichone, mwenye lile gari kubwa la mkoa jirani. Simu iliita.

"Kuna nini cha kuvuta?" Sichone akauliza.

"Lori la mbolea. Limejaa."

"Hilo tu?"

Lutengano aliligeukia gari lake. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka chini yake na kupotelea kwenye mvua. Mlingoti, winchi, minyororo, vile vyuma vya mbele. Aliliona, nadhani, kama mtu anavyoona kitu kilichoachwa na mtu mwingine.

"Na langu," alisema.

Wewe ambaye wazazi, wadogo zako na watoto wa wadogo zako wamefungwa nyuma yako, na bado hujamwambia mtu kwamba huwezi: siku ulipoujumlisha mzigo wa kuupandisha mlima, ni nani uliyemwacha nje ya mizani?