Hakimu Mdogo Ndiye Huanza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimepungua? Ninyi wa kule nyuma mmeshiba viazi, sasa mnasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Basi, zamani hizo za kale, wanyama wanaokula majani walikuwa na jeshi lao, maana fisi walikuwa wamewachosha. Na jeshi hilo lilikuwa na mahakama. Si kila mwenye pembe aliketi humo. Hakimu sharti awe ametumikia jeshi masika kumi. Sharti awe na cheo kisichopungua cha mshtakiwa. Sharti asiwe na mkono katika kesi anayoisikiliza. Na ilipofika saa ya kutoa hukumu, hakimu mdogo ndiye aliyeanza kusema, asije akasikia kwanza neno la wakubwa akaogopa.

Siku moja aliletwa Kongoni, mlinzi aliyesimama juu ya kichuguu kuwaangalia fisi. Alfajiri alikuwa ameacha lindo, fisi wakapita, wakachukua watoto wawili wa Pundamilia. Adhabu ya kuacha lindo ilikuwa kifo.

Mahakimu walikuwa watatu: Kifaru, mkuu wao, Pofu, yule swala mkubwa, wa kati, na Nungunungu, mdogo wao. Siku hiyo Kifaru alikuwa kimya, kwa hiyo Pofu ndiye aliyeuliza.

"Kongoni, uliacha lindo?"

"Niliacha, afande."

"Ulilala?"

"Sikulala, afande."

"Uliogopa?"

"Sikuogopa, afande."

"Basi ulikwenda wapi?"

Kongoni akainamisha kichwa.

Mama Pundamilia akasema, "Wanangu hawana hata kaburi. Mnasubiri nini?"

Mimi namhurumia mama huyu mpaka leo.

Kifaru akasema, "Nungunungu, anza wewe."

Nungunungu akasimama. "Afande, siwezi. Kongoni amesimama kichuguuni masika saba, juani na mvuani. Mlinzi wa namna hiyo hashuki mpaka aamriwe. Wakubwa wake hawajaulizwa. Sitoi hukumu kabla hawajaulizwa."

"Unajua unamgusa nani?" Pofu akamkanya.

"Sijui, afande. Ndiyo maana nataka waulizwe."

Kifaru akainuka taratibu.

"Ni mimi," akasema. "Macho yangu yameingia ukungu, nikaona aibu jeshi lijue. Alfajiri ile nilimwamuru aniongoze mtoni nikanywe maji. Kisha nikamwamuru asimwambie mtu. Amenyamaza kwa kunitii, na mimi nimeketi hapa namwangalia anakwenda kufa."

Kongoni akaachiwa papo hapo. Lakini Kifaru je?

Pofu akasema, "Afande, wewe ni mkubwa kwetu sote. Sheria haituruhusu kukuhukumu."

Kifaru akavua mguuni bangili ya shaba, alama ya cheo chake, akaiweka chini. "Sasa mimi ni askari wa kawaida. Nungunungu, anza wewe."

Jamani, Kifaru ndiye aliyemfundisha Nungunungu kazi, tangu kupiga saluti mpaka kusoma nyayo. Nungunungu alilia mbele ya jeshi zima, wala hakuficha. Kisha akasema, "Umesema kweli, ukaokoa uhai wa askari wako. Kwa hiyo hutakufa. Lakini watoto wawili hawapo. Utatoka jeshini. Hutatembea tena na kundi, wala na mwenzako."

Pofu akasema, "Na iwe hivyo." Mama Pundamilia akageuza uso.

Kifaru akapiga saluti, akaelekea porini, akajigonga kwenye mti wa kwanza, akajigonga kwenye wa pili. Kongoni akashindwa kuvumilia. Akapiga hatua amfuate, amwongoze.

"Rudi lindoni," Kifaru akasema bila kugeuka.

Na Kongoni akarudi, ingawa aliyemwambia hakuwa tena mkubwa wake. Mpaka leo Kifaru anatembea peke yake.

Hadithi yangu imekomea hapo.