Kioo Kilichoonyesha Kweupe

Mtazameni dereva mmoja wa lori, mtu mzima, kiongozi wa msafara. Kampuni yao ilifunga kamera mbele ya kila gari, na picha yake ikawa inaonekana ofisini, na pia kwenye kioo kidogo ndani ya gari linalofuata. Lori ni ukuta, wapendwa. Aliye nyuma yake haoni kitu. Sasa akawa anaona kwa macho ya mwenzake. Mbele kweupe, anapita. Kuna gari linakuja, anatulia.

Jambo jema. Ila bwana yule alikuwa na mkaa wake. Kila akirudi alisimama porini kupakia magunia, na hakutaka ofisi imwone. Akatafuta fundi, akafundishwa mahali pa kubonyeza, na kamera ikawa inarudia picha ya safari iliyopita: lami safi, jua, hakuna hata mbuzi. Siku hiyo alipakia, akafunga turubai, akaondoka. Alisahau kurudisha picha ya kweli? Hapana. Aliona hakuna haraka. Magunia mengine yalimsubiri mbele.

Akaanza kupanda mlima, mzito, polepole. Nyuma yake akafika kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha udereva. Redio ikalia.

"Kaka mkubwa, mbona unatembea kama bibi harusi? Kweupe huku. Nakupita."

Akainua macho. Kwenye kona ya juu, lori lililobeba nguzo lilikuwa linashuka.

"Usipite."

"Kwa nini? Kioo kinaonyesha kweupe. Au aibu kupitwa na mwanafunzi wako?"

Alitakiwa aseme neno moja dogo: picha hiyo ni ya uongo. Lakini redio ile msafara mzima uliisikia. Basi akatafuta neno jingine.

"Ngoja kwanza, nina... hili tairi..."

Kijana alikuwa ameshafika ubavuni mwake, anacheka, anampungia mkono.

Watu walipokwenda kumtoa kijana kwenye kile kilichobaki cha kichwa cha gari, kioo kilikuwa bado kinawaka. Lami safi. Jua. Hakuna hata mbuzi.

Mnamlaani mwenye mkaa, na mlaanini. Lakini sisi kina mama tunaosimama hapa kanisani kila Jumapili tukisema, "Bwana asifiwe, nyumbani kwangu ni amani tupu", na tangu Krismasi hatusemezani na waume zetu, picha hiyo tunamwonyesha nani? Nyuma yako yuko binti aliyeolewa juzi, anaendesha kwa kutazama kioo chako. Yuko mwanao. Bwana hakutudai barabara nzuri. Ametudai tuonyeshe iliyopo. Siku utakapomwambia huyo binti, "Mwanangu, tulia, usipite hapo," atakuuliza kwa nini, maana kwako ameona kweupe siku zote.

Utamjibu nini? Tairi?